Akaunti ya mweka hazina imezuiwa baada ya michango ya msiba, benki ya pili nayo imemkataa. Tuanzie wapi?

MwanaTanga_Ohio

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wa wanaozijua benki za huku Marekani kwa undani.

Jumuiya yetu hapa Columbus ilifiwa. Michango ya kusafirisha mwili ilielekezwa kwa mweka hazina, kwenye akaunti yake binafsi, ileile anayopokelea mshahara. Ndani ya siku nne ziliingia kama dola 17,400 kwa Zelle (huduma ya kutumiana fedha kwa simu kati ya akaunti za benki), nyingi hamsini hamsini na mia mia, kutoka majimbo mbalimbali. Akailipa kampuni ya mazishi dola 9,000 benki kwa benki, zikapita. Kesho yake akajaribu kutuma nyingine Dar kwa familia ya marehemu, akaunti ikazuiwa palepale. Akipiga simu anaambiwa "iko kwenye mapitio", basi. Sasa imekuja barua kwamba benki haitaki tena kuwa naye. Alipokwenda benki nyingine akakataliwa, akapewa karatasi inayotaja ChexSystems.

Fedha zilizobaki atazipataje? Mshahara wa Ijumaa utamezwa humo humo? Na hiyo ChexSystems imeandikiwa nini, na nani?

Kaunta7

Poleni na msiba. Naanza na mshahara kwa sababu huo ndio wenye tarehe.

Leo hii aende idara ya mishahara kazini kwake, aombe kwa maandishi waiondoe namba ya akaunti ya zamani na safari hii wamlipe kwa hundi ya karatasi. Waajiri wengi hufunga orodha ya malipo siku mbili tatu kabla, kwa hiyo akisubiri Alhamisi amechelewa. Kama orodha imeshatumwa, inategemea hali ya akaunti. Ikiwa imefungwa kabisa, malipo hurudi kwa mwajiri yakiwa na alama R02, kwa kawaida ndani ya siku mbili za kazi, na mwajiri ataandika hundi. Ikiwa imezuiwa tu, benki inaweza kuyarudisha kwa alama R16, ila mara nyingi inayapokea na yanakaa humo pamoja na zile za msiba. Siku mbili zikipita na mwajiri haoni kitu kilichorudi, yamo ndani. Ayaweke kwenye madai yake kama kipengele cha peke yake, pamoja na hati ya mshahara.

Pili, ajue amezuiwa na nani, maana kila zuio lina mlango wake. Mdai mwenye hukumu ya mahakama akizuia, benki haifichi: inakupa namba ya kesi na jina la wakili, na kugombana tawini ni kupoteza muda, dawa iko mahakamani. IRS, yaani mamlaka ya kodi ya shirikisho, wakizuia, benki inazishika fedha siku 21 kabla ya kuzipeleka, na siku hizo ndizo za kuongea na IRS. Hundi uliyoweka ikisubiri kuthibitishwa, hilo ni jambo dogo lenye tarehe ya mwisho. La nne ni zuio la benki yenyewe, kitengo cha ulaghai. La mweka hazina wenu ni hili.

Sababu si ngumu kuiona. Akaunti iliyozoea mshahara kila wiki mbili, ghafla inapokea fedha za watu wengi ambao haijawahi kuwaona, kisha kiasi kikubwa kinatoka, kisha kingine kinataka kwenda nje ya nchi. Kwa kompyuta ya benki, ndivyo inavyoonekana akaunti ya kupitishia fedha za utapeli. Kompyuta haijui rambirambi. Na hazikosei mara moja moja tu: Desemba 2022 mamlaka ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, iliiamuru Wells Fargo ilipe jumla ya dola bilioni 3.7 kwa makosa mengi, na moja lilikuwa kuzuia akaunti zaidi ya milioni moja kwa chujio lenye kasoro. Wateja walikaa bila fedha zao kwa wastani wa wiki mbili au zaidi.

Kuhusu ukimya wao: benki ikipeleka serikalini ripoti ya muamala wa kutiliwa shaka, sheria inaikataza kumwambia mteja kwamba ripoti hiyo ipo. Na yule wa dirishani mara nyingi haoni zaidi ya alama nyekundu kwenye skrini. Kwa hiyo "mnanishuku nini?" ni swali lisilo na jibu. Aulize yenye majibu: salio lililozuiwa leo ni kiasi gani; zuio liliwekwa tarehe ngapi; akaunti imeshafungwa au itafungwa lini; salio litatolewa kwa njia gani; faili liko kitengo gani, kwa namba ipi ya kumbukumbu, na nyaraka zipelekwe wapi. Aandike jina la aliyemjibu, tarehe na saa.

Salio huwa linakuja kwa hundi ya benki kwa posta, kwenye anwani iliyo kwenye faili. Kama alihama bila kuibadilisha, airekebishe kwanza, tena tawini akiwa na kitambulisho. Hundi nyingi "zinazochelewa" zimelala kwenye sanduku la mpangaji mwingine.

Kabla hajafungiwa mtandaoni, apakue taarifa za akaunti za miezi 12. Halafu aandae bahasha moja: nakala ya cheti cha kifo, ankara ya kampuni ya mazishi yenye jina la marehemu na risiti ya zile 9,000, barua ya jumuiya iliyosainiwa na mwenyekiti na katibu ikieleza kwamba ndiye aliyeteuliwa kupokea, na jedwali la waliochanga, lenye tarehe, jina kama lilivyotokea kwenye Zelle, na kiasi. Jumla ya jedwali ilingane na taarifa ya benki mpaka senti. Mchunguzi akikuta pengo la dola 60, faili linarudi chini ya rundo.

Na hili mliseme kwenye kundi la WhatsApp leo: asitokee mchangaji wa kupigia benki yake kudai arudishiwe hela kwamba "ametapeliwa". Malalamiko mawili matatu ya namna hiyo yanaigeuza shaka kuwa kesi, na hata barua nzuri namna gani haitaiondoa.

Zikipita siku kumi za kazi bila jibu la maandishi, apeleke malalamiko CFPB kupitia consumerfinance.gov. Kampuni inatarajiwa kujibu ndani ya siku 15, na kesi ngumu zinaweza kwenda mpaka 60. Kama jina la benki lina "National" au "N.A.", apeleke pia OCC, msimamizi wa benki za namna hiyo, kwenye helpwithmybank.gov. Kama ni chama cha akiba na mikopo cha shirikisho, ni NCUA, msimamizi wa vyama hivyo. Ukurasa mmoja unatosha: tarehe, kiasi, nyaraka alizopeleka, na ombi moja, kwamba watoe salio au waseme kwa maandishi litatoka lini. Faida yake ni kwamba malalamiko hayo hayarudi tawini, yanakwenda ofisi ya juu ya benki yenye watu wa kufungua faili.

BintiMvita

Kaunta7 kamaliza upande wa zuio, mimi nishike ChexSystems.

Ni daftari ambalo benki huandikiana kuhusu akaunti zilizofungwa kwa kasoro: salio hasi lililoachwa bila kulipwa, hundi zilizorudi, ulaghai unaoshukiwa. Mikopo na kadi za mkopo hazimo, ndiyo maana mtu mwenye alama nzuri ya mkopo anaweza kukataliwa akaunti ya kawaida kabisa. Rekodi hukaa miaka mitano.

Ile karatasi aliyopewa asiitupe. Inampa haki ya ripoti ya bure ndani ya siku 60 tangu akataliwe, mbali na ile ya bure ya kila miezi 12. Anaomba kwenye chexsystems.com. Kinachowashinda wengi wetu ni uthibitisho wa utambulisho, na chanzo ni majina yetu matatu. Benki moja imechukua jina la babu kuwa la ukoo, nyingine la baba, kitambulisho kinasema vingine. Mfumo ukimkataa, aombe kwa posta: nakala ya kitambulisho, kadi ya Social Security (hifadhi ya jamii), na bili yenye anwani ya sasa. Ataje anwani zote za miaka mitano iliyopita.

Siku hiyohiyo aombe na ripoti ya Early Warning Services. Watu huisahau. Kampuni hiyo inamilikiwa na benki saba kubwa na ndiyo inayoendesha Zelle yenyewe. Kwa jambo lililoanzia Zelle, doa linaweza kuwa huko hata kama ChexSystems ni safi. Huko rekodi zinaweza kukaa miaka saba.

Ripoti ikija, aende moja kwa moja sehemu ya akaunti zilizoripotiwa. Kila ingizo lina jina la benki, tarehe, sababu, kiasi cha mwanzo, na kama kimelipwa. Sababu ndiyo uzito wote. Deni la salio hasi linasameheka. Palipoandikwa "Suspected Fraud Activity" (ulaghai unaoshukiwa) benki nyingi haziendelei kusoma. Kuna pia orodha ya benki zilizochungulia faili lake. Zikiwa nyingi ndani ya muda mfupi, hizo peke yake zinaweza kumfanya akataliwe, kwa hiyo asitembee benki hadi benki akijaribu bahati.

Nadhani benki iliyomzuia bado haijaandika chochote, kwa sababu kinachoripotiwa kwa kawaida ni akaunti iliyokwisha kufungwa. Aliyemharibia pengine ni mwingine wa zamani. Asome kwanza.

MwanaTanga_Ohio

Dada umelenga. Ripoti imepatikana. Benki iliyozuia haimo. Kuna ingizo moja la Juni 2023 la benki aliyoiacha alipohama Texas: dola 214.36, "Account Abuse" (matumizi mabaya ya akaunti), haijalipwa. Anasema aliacha dola chache humo, klabu ya mazoezi ikaendelea kukata kila mwezi, na ada za salio hasi zikapanda juu yake. Kuna kampuni ya kukusanya madeni imemwandikia wiki iliyopita. Alipe nani? Akilipa linafutika?

BintiMvita

Halifutiki kwa kulipwa. Linabadilishwa kusomeka kwamba limelipwa, na linakaa mpaka Juni 2028. Lakini tofauti kati ya "imelipwa" na "haijalipwa" ni kubwa: benki nyingi hukubali la kwanza na kukataa la pili.

Asimlipe mtu kwa simu kwanza. Apigie idara ya madeni ya benki ya Texas na kuuliza kama deni bado ni lao au wameliuza. Likiwa lao, awalipe wao, adai barua yenye namba ya akaunti, tarehe, na maneno kwamba deni limelipwa lote. Katika simu hiyohiyo aombe waiondoe kabisa rekodi ChexSystems. Sheria haiwalazimishi kuondoa rekodi iliyo ya kweli, lakini kwa mia mbili na kitu iliyotokana na ada, wengine hukubali. Aombe kabla ya kulipa, maana hela ikishatoka hana cha kubembelezea.

Likiwa limeuzwa, ana siku 30 tangu apokee notisi ya mkusanyaji kuandika akitaka uthibitisho wa deni. Akiandika ndani ya siku hizo, mkusanyaji lazima asimame kudai mpaka ajibu. Uthibitisho ukija ndipo alipe na kuchukua barua. Akikubaliana kulipa pungufu, ajue rekodi inaweza kuonyesha deni lilimalizwa kwa mapatano badala ya kulipwa lote.

Mambo ya kupinga ni mengine. Kama tarehe si sahihi, kiasi si sahihi, au alishalipa na bado inasoma deni, apeleke pingamizi kwa ChexSystems, si kwa benki peke yake. Hapa ndipo wengi hupotea. Ukilalamika kwa benki tu na ikakupuuza, huna nguvu kubwa ya kuishitaki. Pingamizi likipitia ChexSystems, sheria ya ripoti za watumiaji, FCRA ya 1970, inailazimisha benki kuchunguza, na ikichunguza kwa uzembe unaweza kwenda mahakamani. Uchunguzi ni siku 30, unaweza kufika 45 ukiongeza ushahidi katikati, kwa hiyo tuma kila kitu kwa mkupuo mmoja. Barua isajiliwe na irudishe risiti ya kupokelewa.

Barua iseme kosa lenyewe: "Kiasi kinachoonyeshwa ni 214.36, barua ya benki ya tarehe fulani inaonyesha sifuri, nakala imeambatishwa." Zile barua za kununua mtandaoni za "futeni kila kitu" hutupwa kwa kuonekana hazina msingi. Na wale wanaowashauri watu waseme utambulisho wao umeibwa ilhali deni ni lao, wanawatia kwenye kosa la jinai: tamko la identitytheft.gov, tovuti ya serikali ya kuripoti wizi huo, mtu analitoa chini ya adhabu ya kusema uongo. Aliyeibiwa kweli ndiye alitumie, maana kwake rekodi inapaswa kuzuiwa ndani ya siku nne za kazi tangu wapokee ripoti yake.

Mjukuu_wa_Bibi

Samahani kuingilia. Mama mkwe ana SSI (fao la serikali ya shirikisho kwa wazee na walemavu wa kipato cha chini), na akaunti yake imezuiwa yote kwa deni la hospitali lenye hukumu ya mahakama. Benki wana haki?

Kaunta7

Siyo yote, ikiwa SSI inaingia moja kwa moja kwa njia ya kielektroniki. Kanuni ya shirikisho inaitaka benki, ndani ya siku mbili za kazi tangu ipokee amri, iangalie miezi miwili ya nyuma na kujumlisha mafao ya serikali ya shirikisho yaliyoingia. Jumla hiyo, au salio lote kama ni dogo kuliko jumla, inabaki mkononi mwake bila yeye kuomba, na benki haitakiwi kukata ada ya zuio kutoka humo. Mpeleke tawini na taarifa ya akaunti inayoonyesha miingizo hiyo, aombe meneja atazame hesabu waliyofanya.

Ulinzi huo wa moja kwa moja una matobo mawili. Akipokea kwa hundi ya karatasi na kuiweka mwenyewe, haupo. Akihamishia fedha akaunti ya akiba, hauzifuati. Hapo bado hazichukuliki kisheria, ila lazima ajaze fomu ya mahakama ya kudai msamaha, na fomu hiyo ina siku zake. Asikae nayo. Ofisi za msaada wa kisheria za kaunti huwasaidia wazee bure.

MwanaTanga_Ohio

Nashukuru sana. Kwa sasa afungue akaunti wapi? Na jumuiya ifanyeje msiba mwingine ukitokea?

Kaunta7

Atafute akaunti zenye cheti cha Bank On, mpango wa akaunti za gharama nafuu. Benki kubwa nyingi na vyama vya akiba na mikopo wanazo. Masharti ya cheti ni kianzio kisichozidi dola 25, ada ya mwezi ambayo kwa kawaida ni dola 5 au chini, na haiwezi kuingia salio hasi, muamala unakataliwa tu. Nyingi hazimkatai mtu kwa deni la zamani kama lake. Kabla hajajaza fomu aulize: mnatazama ChexSystems au Early Warning, na mnakataa kwa sababu zipi? Ni bure kuuliza, na hakuachi alama kwenye ripoti.

Programu za simu zisizo benki, awe mwangalifu nazo. Fedha zinakaa kwa benki mshirika, na bima ya amana ya serikali, FDIC, inalinda benki ikianguka, siyo kampuni ya programu ikianguka. Synapse, iliyokuwa katikati ya programu na benki, ilifilisika Aprili 2024, na zaidi ya watu 100,000 wakajikuta hawazifikii fedha zao.

Jumuiya: msitumie akaunti ya mtu tena. Andikisheni kikundi jimboni kama shirika lisilo la faida, hapo Ohio ada ni dola 99. Ombeni EIN, namba ya kodi ya shirika, kwenye irs.gov, ni bure, anayewatoza ni dalali tu. Nendeni benki na hati ya usajili, EIN, na muhtasari wa kikao uliowataja watia saini wawili. Siku ya kufungua akaunti mwambieni afisa waziwazi kwamba mtapokea michango midogo mingi kwa mkupuo na kwamba fedha zitakwenda Tanzania, ili iandikwe kwenye faili. Haiwapi kinga, lakini mchunguzi akifungua atakuta maelezo yanayolingana.

Kabla hayo hayajakamilika, njia safi ni wachangaji kuilipa kampuni ya mazishi wenyewe, kwa kadi, wakitaja jina la marehemu. Mweka hazina ashughulike na orodha tu.

Kwa wanaochanga taslimu: mkiweka zaidi ya dola 10,000 kwa siku benki inajaza fomu ya serikali, na fomu hiyo si tuhuma. Kuzigawa elfu tisa leo, elfu nane kesho, ili fomu isijazwe, hilo ndilo kosa la jinai, hata kama fedha ni za sadaka.

BintiMvita

Nyongeza moja. Namba yake ya simu bado imeunganishwa na Zelle ya akaunti iliyozuiwa. Wanaochelewa kuchanga wakituma kwa namba ile, hela zinaweza kuingia humo humo. Aombe benki iitoe namba na barua pepe yake kwenye Zelle, kisha aziandikishe upya kwenye akaunti mpya na kujaribu na dola moja. Mpaka hapo, ujumbe wenye namba yake uliobandikwa juu kwenye kundi la WhatsApp ufutwe.